Mtego wa Mbu Chumbani kwa Mama: Kwa Nini Mbu wa Kijijini Wanahesabiwa?



Leo nataka tuongee juu ya mbu. Najua wengine mtasema, "Mbu tena? Huku kwetu kuna baridi, mbu wa nini?" Subirini kidogo, maana habari hii inawahusu kuliko mnavyodhani.

Kuna dada mmoja tunafahamiana, anaishi Uingereza, na mama yake yuko kijijini huko bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro. Siku moja alinipigia simu akiwa na wasiwasi. Mama yake alikuwa amemweleza kwamba wamekuja vijana wawili na mwenyekiti wa kitongoji, wana kifaa chenye taa ndogo, feni na betri, wanaomba kukitundika chumbani kwake, karibu kabisa na kitanda, usiku kucha. Wanasema wanahesabu mbu. Jirani mmoja akasema hao ni mumiani, wanatafuta damu za watu. Mwingine akasema wanaleta mbu ili watu waugue na dawa zipate kununuliwa. Basi mama akamuuliza binti yake: "Mwanangu, wewe uko huko kwa wenzetu, niwakubalie au niwakatalie?" Binti naye hakujua ajibu nini.

Wengi wetu tuko katika hali kama hiyo. Tuko mbali, lakini wazee wetu wanatutegemea kwa ushauri, na mara nyingi pesa ya chandarua, ya dawa na ya kujengea nyumba inatoka kwetu. Kwa hiyo ni vizuri tujue kazi hii ni ya nini, inafanywaje, na imetusaidia nini mpaka leo.

UKUBWA WA TATIZO

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2023 watu milioni 263 duniani waliugua malaria, na takriban 597,000 walikufa. Zaidi ya tisa katika kila kumi ya waliokufa walikuwa Afrika, na wengi wao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Nchi nne tu zilibeba zaidi ya nusu ya vifo hivyo: Nigeria, Kongo (Kinshasa), Niger na Tanzania. Mbili kati ya hizo ni nyumbani kwa wengi wetu tunaozungumza Kiswahili.

Malaria huenezwa na mbu jike wa jamii ya anofelesi. Dume hang'ati mtu, chakula chake ni maji matamu ya mimea. Jike anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Akimng'ata mtu mwenye vimelea anavibeba, na baada ya siku kumi hadi kumi na nne hivi, kutegemea joto, vimelea vinafika kwenye mate yake. Hapo ndipo anapoweza kumwambukiza mtu mwingine. Maana yake ni kwamba mbu mchanga hana hatari ya malaria. Mwenye hatari ni yule aliyeishi muda mrefu. Ndiyo sababu chandarua chenye dawa kina nguvu: hata kisipoua mbu wote, kinawapunguzia umri, wengi wanakufa kabla vimelea havijakomaa.

MBU WOTE SI SAWA

Mtu wa kawaida akisikia mlio sikioni anasema "mbu" basi. Lakini wataalamu wanatofautisha, na tofauti hiyo ni muhimu sana.

Kwanza kuna mbu anayezaliana kwenye maji machafu ya mitaro, makaro na vyoo vya shimo. Huyo ni kyuleksi. Ndiye msumbufu mkubwa wa mijini, naye ndiye anayeeneza matende na mabusha katika mwambao wetu. Pili kuna mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeng'ata mchana na kuzaliana kwenye matairi, makopo na mapipa ya maji. Huyo ni aedesi, mwenye kuleta homa ya dengi, kama ile iliyowasumbua watu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Tatu ndiye anofelesi mwenyewe, ambaye akitua ukutani huinua mkia juu, kama msumari uliopigwa upande.

Anofelesi nao wako wa aina nyingi. Kwa Afrika Mashariki, watatu ndio wanaotajwa zaidi. Gambiae hupenda kuingia ndani na kung'ata watu. Arabiensis hufanana naye kabisa kwa macho, lakini hung'ata ng'ombe vilevile, na mara nyingi hung'ata nje na mapema jioni. Hawa wawili huzaliana kwenye vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua: nyayo za ng'ombe, alama za matairi barabarani, majaruba ya mpunga. Wa tatu ni funestus. Huyu hupenda maji yanayokaa muda mrefu, masafi, yenye majani: visima vya wazi vya kuchimba, mabwawa, kingo za vijito. Kwa kuwa maji hayo hayakauki haraka, funestus anaendelea kuwepo hata kiangazi. Mkumbuke hilo, tutalirudia tukifika kwenye mambo ya likizo.

MBU WANAHESABIWAJE?

Zipo njia kadhaa, na kila moja ina kazi yake.

1. Mtego wa taa. Ndicho kifaa alichokiona mama wa yule dada, na kimetumika duniani tangu miaka ya 1960. Ni kopo lenye taa ndogo juu, feni ndogo ndani na mfuko wa wavu chini, vinavyoendeshwa na betri. Hutundikwa kiasi cha mita moja na nusu kutoka sakafuni, upande wa miguuni, pembeni ya kitanda ambacho mtu amelala ndani ya chandarua. Huwashwa saa kumi na mbili jioni na kuzimwa saa kumi na mbili asubuhi. Mbu anafuata harufu na pumzi ya aliyelala, anakuta chandarua, anazungukazunguka, anaona taa, feni inamvuta ndani ya mfuko. Mtego hauna sumu na hautoi damu ya mtu. Na hauleti mbu wapya kijijini: wale waliokutwa mfukoni asubuhi ni wale waliokuwa wameingia chumbani kumtafuta mwenye nyumba.

2. Kumnasa mbu anapotua. Zamani ndiyo ilikuwa njia kuu. Mtu aliyejitolea anakaa usiku, suruali imekunjwa mpaka magotini, na kila mbu akitua mguuni anamnyonya kwa mrija kabla hajang'ata. Njia hii inaonyesha vizuri mbu wanang'ata saa ngapi, na ndani au nje. Lakini inamweka mtu hatarini, hata kama anapewa dawa za kinga. Kwa hiyo wataalamu wamekuwa wakitafuta mbadala, kwa mfano mtego wa vyandarua viwili, ambapo mtu anakaa salama ndani ya chandarua cha kati na mbu wananaswa katika nafasi iliyobaki.

3. Kukamata mbu waliopumzika. Asubuhi, mbu aliyeshiba damu hujificha ukutani, chini ya kitanda au nyuma ya nguo zilizotundikwa. Wanamnyonya kwa mashine ndogo ya betri, au wanatandika mashuka meupe sakafuni na kupuliza dawa, kisha wanaokota walioanguka. Nje huweka mitungi ya udongo, maana mbu hupenda mahali penye giza na ubaridi.

4. Kutafuta viluwiluwi. Hapa kifaa ni upawa mweupe wenye mpini mrefu. Wanachota maji kwenye kidimbwi na kuhesabu viluwiluwi. Yule wa anofelesi hulala sambamba na uso wa maji. Wa kyuleksi na aedesi huning'inia kichwa chini. Mtoto wa shule ya msingi akifundishwa mara moja anawatambua.

Siku hizi ziko na njia mpya. Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na Taasisi ya Afya Ifakara wamejaribu simu za kawaida zinazosikiliza mlio wa mabawa, maana kila aina ya mbu ina sauti yake. Lakini kwa kazi ya kila siku vijijini, mtego wa taa bado ndio unaotegemewa.

ASUBUHI MIFUKO IKIFUNGULIWA

Watu wengi hudhani kazi inaishia kwenye hesabu, kwamba nyumba hii mbu ishirini, ile mbu hamsini. Hapana. Mbu hutenganishwa kwanza kwa macho na darubini: huyu kyuleksi, huyu anofelesi. Halafu anofelesi hupelekwa maabara. Huko miguu yake inatumika kupima vinasaba ili kujua kama ni gambiae au arabiensis, kwa sababu kwa macho huwezi kuwatofautisha. Kichwa na kifua hupimwa kuona kama kuna vimelea vya malaria. Akiwa ana damu tumboni, inapimwa kujua kama ni ya mtu, ya ng'ombe au ya mbuzi.

Hivyo yanajibiwa maswali manne: Ni mbu gani? Wanang'ata nani? Wanang'ata saa ngapi na wapi? Na wangapi kati yao wamebeba vimelea?

WACHACHE WANAWEZA KUWA NA HATARI KULIKO WENGI

Hapa ndipo ningependa msomaji usimame kidogo. Tuchukue mfano, na namba hizi ni za kuelezea tu. Nyumba ya kwanza, mtu anang'atwa na mbu 40 kwa usiku, lakini mmoja tu katika kila 1,000 ndiye mwenye vimelea. Nyumba ya pili anang'atwa na mbu 5 tu, lakini wawili katika kila 100 wana vimelea. Nani yuko hatarini zaidi?

Piga hesabu. Wa kwanza atang'atwa na mbu mwenye vimelea mara moja kila siku 25. Wa pili, mara moja kila siku 10! Yule wa kwanza hapati usingizi na analalamika kutwa, kumbe wa pili anayesema "kwetu mbu hawapo sana" ndiye anayeugua.

Jambo hilo limeonekana kweli katika bonde la Kilombero na Ulanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba arabiensis ndiye aliyenaswa kwa wingi zaidi, lakini zaidi ya asilimia 80 ya ung'ataji wenye vimelea ulitokana na funestus, ambaye kwa idadi alikuwa mchache. Kama watu wangehesabu mbu jumla tu bila kuwatenganisha, wangepambana na adui asiye mkuu. Baada ya kujua hivyo, watafiti wakaanza kufuatilia maji anakozaliana funestus wakati wa kiangazi, yaani visima vya wazi, mabwawa na kingo za vijito vyenye majani. Maji ya namna hiyo hayako kila mahali kama vidimbwi vya mvua, kwa hiyo yanaweza kutafutwa na kushughulikiwa.

KUHESABU MBU KUMETUSAIDIA NINI?

Jambo la kwanza ni chandarua. Kwa miaka mingi vyandarua vyote vilitiwa dawa za aina moja tu, pairethroidi. Vilisaidia mno, na ndivyo vilivyochangia sehemu kubwa ya kupungua kwa malaria Afrika kati ya mwaka 2000 na 2015. Lakini mbu walianza kuzoea dawa. Hili halionekani kwa macho. Linajulikana kwa kuwakusanya mbu kutoka kijijini, kuwaweka kwenye mrija wenye karatasi iliyotiwa dawa kwa saa moja, halafu kuwahesabu baada ya saa 24. Wakifa pungufu ya 90 katika kila 100, mbu hao wamekuwa sugu.

Majibu ya vipimo hivyo ndiyo yaliyosababisha kutengenezwa kwa vyandarua vya dawa mbili. Huko Misungwi, mkoa wa Mwanza, vilifanyiwa majaribio na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Baada ya miaka miwili, watoto karibu 46 katika kila 100 walikutwa na malaria pale palipogawiwa vyandarua vya kawaida vya dawa moja. Pale palipogawiwa vyenye pairethroidi pamoja na klofenapiri, walikuwa takriban 26. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza rasmi kwa maeneo yenye mbu sugu.

Jambo la pili ni kugundua mgeni. Yuko anofelesi anayeitwa stephensi, ambaye asili yake ni Asia ya Kusini na Rasi ya Arabuni. Nyie mlioko Ghuba yuko kwenu siku zote. Huyu ni hodari wa kuishi mjini na kuzaliana kwenye matangi na mapipa ya maji. Mwaka 2012 aligunduliwa Djibouti. Mwaka huo nchi hiyo ilikuwa na wagonjwa 27 tu wa malaria. Mwaka 2020 walikuwa zaidi ya 73,000. Ameonekana pia Ethiopia na Sudan, na mwaka 2022 alinaswa Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Bila watu wa kutega mitego na kuchota viluwiluwi, angekuja kujulikana wakati hospitali zimeshajaa.

Jambo la tatu ni Zanzibar. Kwa vyandarua, dawa za kupulizia ukutani na dawa mseto, malaria Unguja na Pemba ilishuka sana katika miaka ya 2000, ikabaki chini ya asilimia moja kwa muda mrefu. Lakini mbu hawakuisha. Ufuatiliaji ulionyesha kwamba aliyebaki kwa wingi ni arabiensis, na kwamba watu wanang'atwa sana nje, kabla ya kwenda kulala. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 wagonjwa waliongezeka tena visiwani. Ni onyo: ugonjwa ukipungua, mbu bado yupo, na vimelea vinasafiri na watu.

Na jambo la nne, mtego wenyewe unaweza kuwa kinga. Katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria upande wa Kenya, nyumba ziliwekewa mitego yenye harufu ya kutengenezwa inayofanana na ya binadamu, ikiendeshwa kwa umeme wa jua. Umeme huohuo uliwapa watu taa na mahali pa kuchajia simu. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha funestus walipungua kwa asilimia 69, na maambukizi ya malaria yakawa pungufu kwa karibu asilimia 30.

WENYEJI WANAJUA

Msidhani kazi hii ni ya wasomi peke yao. Katika vijiji vya bonde la Kilombero na Ulanga, watafiti waliwaomba wanakijiji wachore ramani ya kijiji chao na kuonyesha wapi mbu ni wengi. Halafu wakaenda kutega mitego kuhakikisha. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba kwa sehemu kubwa wanakijiji walikuwa sahihi! Bibi anayeishi pale miaka hamsini anajua kona gani ina mbu, mwezi gani wanazidi, na bwawa gani halikauki. Mitego inamwongezea kile asichoweza kukiona: aina ya mbu, vimelea vilivyomo ndani yake, na kama dawa bado inamwua.

WAKIBISHA HODI KWA WAZEE WAKO

Sasa turudi kwa yule mama. Nilimshauri dada yule amwambie mama yake maneno haya, nanyi mnaweza kuyatumia:

- Watu wa kweli hawaingii kijijini kimyakimya. Wanapitia kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, na mara nyingi wanaongozana na mhudumu wa afya wa hapohapo. Mzee aulize hao kwanza.
- Utafiti Tanzania unatakiwa uwe na kibali cha maadili, kwa mfano kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ana haki ya kuomba kuonyeshwa barua.
- Wanatakiwa kumweleza kwa lugha anayoielewa, na kumpa fomu ya ridhaa. Kama hajui kusoma, asomewe mbele ya shahidi anayemwamini.
- Ana haki ya kukataa, na ana haki ya kubadili mawazo katikati, bila kunyimwa huduma yoyote zahanati.
- Mtego wa taa hauhitaji damu yake. Wakitaka kupima damu, hilo ni jambo jingine, na ridhaa yake ni nyingine.
- Asitoe pesa yoyote kwa kuwekewa mtego.
- Usiku huo alale ndani ya chandarua kizima kama siku zote.
- Aulize majibu. Kijiji kina haki ya kuambiwa ni mbu gani waliopatikana na kifanye nini. Msiwe wanyonge katika hili.

Yakitimia hayo, jibu langu ni: mama akubali. Usiku mmoja wa kelele ndogo ya feni ni mchango mkubwa kwa wajukuu zake.

WEWE UNAYEJENGA NYUMBANI

Wengi wenu mnajenga. Pesa inatumwa, fundi anaendelea, picha zinakuja kwa simu. Je, mmewahi kuuliza yale mashimo ya kufyatulia matofali yamefukiwa? Mvua ikinyesha yanajaa maji, yanapigwa na jua, na anofelesi anapata nyumba kabla yako. Na lile pipa la maji ya ujenzi lisilo na mfuniko? Yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili katika wiki moja hadi mbili, na kati ya tofali na lenta ujenzi unasimama miezi! Kwa hiyo mwambieni fundi au mlinzi afukie mashimo, afunike pipa na tangi, na kumwaga maji yaliyosimama kila wiki.

Na nyumba yenyewe, kabla ya kufikiria vioo vya bei na geti kubwa, wekeni wavu wa mbu kwenye madirisha na milango, na zibeni mwanya kati ya ukuta na paa, maana hapo ndipo mlango mkuu wa anofelesi. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekwa wavu kila mahali zilipata mbu wa malaria pungufu kwa karibu asilimia 60, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa wachache zaidi. Hata nyumba ya zamani ya wazee inaweza kufanyiwa hivyo kwa gharama ya kawaida.

Kuhusu chandarua, msikimbilie kununua kile cha kambi huko dukani kwenu mkakituma. Vingi havina dawa. Waulizeni zahanati ya kijiji ni aina gani inayogawiwa wilayani sasa, kwa kuwa aina hiyo huchaguliwa kwa kuangalia usugu wa mbu wa eneo lile. Mama mjamzito anapewa chandarua kliniki, na mtoto anapewa anapopata chanjo ya surua. Kilichotoboka kishonwe au kibadilishwe.

UKIENDA LIKIZO

Mwisho, wewe mwenyewe. Kuna msemo tunaupenda: "Mimi nimezaliwa kule, malaria haiwezi kuniua." Ndugu yangu, kinga uliyokuwa nayo utotoni ilitokana na kung'atwa kila mara. Ukikaa miaka bila kung'atwa, inapungua. Na watoto wako waliozaliwa London au Minneapolis hawana kinga hiyo kabisa. Uingereza peke yake ilithibitisha wagonjwa 2,004 wa malaria walioitoa safarini mwaka 2023, na kati ya wale ambao sababu ya safari ilijulikana, wengi walikuwa wamekwenda kuona ndugu na jamaa. Watu kama mimi na wewe.

Halafu kuna lile la majira. Shule za Ulaya zinafunga Julai na Agosti, na watu husema "huo ni wakati wa kiangazi, mbu hakuna." Mmeshasoma habari za funestus: yeye anaishi kiangazi. Na mkifika nyumbani kuna harusi na misiba, mnakaa uani mpaka usiku wa manane. Chandarua kiko kitandani, nyie mko nje na arabiensis. Kwa hiyo:

- Muone daktari wiki kadhaa kabla ya safari akupe dawa ya kinga inayokufaa, na umalize siku zote hata ukisharudi. Klorokwini haifai tena kwa nchi zetu.
- Mama mjamzito azungumze na daktari kabla hata ya kukata tiketi.
- Jioni vaa nguo ndefu na jipake dawa ya kufukuza mbu yenye DEET, hasa ukikaa nje.
- Lala ndani ya chandarua chenye dawa, hata kama nyumba ina feni.
- Ukipata homa ukiwa huko, pima siku hiyohiyo. Ukipata homa baada ya kurudi, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo lakini hata ndani ya mwaka mzima, nenda hospitali siku hiyohiyo na sema wazi: "Nimetoka Afrika, naomba nipimwe malaria." Usisubiri mpaka kesho ukidhani ni mafua. Madaktari wa huku wasipoambiwa, wanaweza wasifikirie malaria.

Yule mama, kwa taarifa yenu, alikubali. Asubuhi vijana walimfungulia mfuko akaona mwenyewe, akampigia binti yake: "Kumbe wote hawa walikuwa wananingoja mimi!" Akaenda kukikagua chandarua chake, akakuta kimetoboka upande wa ukutani. Akakishona siku ileile, na binti akatuma pesa ya wavu wa madirisha.

Basi ndugu zangu, leo jioni mkipiga simu nyumbani, baada ya salamu ulizeni maswali mawili: chandarua ni kizima? Na maji yamesimama wapi? Kinga ni bora kuliko tiba.